Macho Yangu na Notisi za Muhuri

Kama umeambiwa wiki hii kwamba una presha ya macho, najua unachofanya. Unafunga jicho moja, unaangalia kalenda ukutani, unalifungua, unafunga la pili. Unaona kila kitu. Moyoni unasema daktari yule alikuwa na haraka, huenda alinichanganya na mgonjwa mwingine. Mimi nilijipima hivyo muda mrefu, kwa kalenda ya duka la pembejeo iliyokuwa jikoni kwetu Langas, na kila mara kalenda ilinidanganya. Ugonjwa huu huanzia pembeni. Unachokitazama moja kwa moja hukiacha hadi mwisho.

Habari za mishipa na maji ya ndani ya jicho watakueleza waliozisomea. Mimi niliishia kidato cha nne. Nitakueleza yaliyotupata mimi na watu wa nyumba yangu, na mahali nilipokosea nitapataja, ili wewe usipite hapo.

Waliniambia mara ya kwanza mwaka ule wa uchaguzi, mahindi yakianza kukauka shambani. Nilikuwa karani wa masjala katika chuo kimoja cha ufundi hapa Eldoret. Kliniki nilikuwa nimeendea miwani ya kusomea tu. Mimi si mtu wa kukaa benchi. Nilikaa kidogo, nikasimama, nikaenda kusoma matangazo ukutani, nikarudi nikakuta nafasi yangu imechukuliwa na mama mwenye mtoto, nikatoka nje kuangalia mawingu. Nilipoitwa nilikuwa nimezunguka jengo lile kama mlinzi. Daktari aliniangalia kwa mashine yake, akanipa kichupa kidogo, akasema tone moja kila jicho, kila jioni.

"Mpaka lini?" nikamuuliza.

"Mpaka wakuzike, Mzee."

Yeye alicheka. Mimi nilikuwa natafuta mlango.

Nilitia dawa ile vizuri hadi Krismasi. Kisha matokeo ya uchaguzi yakatangazwa na mji ukaanza kuwaka moto. Mimi ni mtu wa Vihiga, si wa kabila la wenyeji, ingawa nimefanya kazi Eldoret tangu ujana wangu, na watu kama sisi walikuwa wanafukuzwa. Tulitoka na nguo za mwilini, mimi, mke wangu Robai na binti yetu Rispa, tukalala kwenye uwanja wa kanisa, halafu tukahamia pamoja na wengine wengi kwenye uwanja wa maonyesho, chini ya turubai. Kichupa kilibaki dirishani Langas. Nilipokikumbuka niliona aibu kwenda kwenye hema la wauguzi. Watu walikuwa wamepanga foleni wakiwa na majeraha ya moto na ya panga. Ningesema nini? Nataka tone la jicho linaloona?

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na si kwa sababu ya aibu ile. Kosa lilikuwa kwamba wiki zilipita na hakuna kilichotokea. Sikuumwa. Sikuona ukungu. Tuliporudi nyumbani tulikuta mlango umevunjwa lakini kichupa kipo palepale, kimekauka, nami nikakitupa.

"Unaona, Mama Rispa? Nimekaa bila dawa na naona kama kawaida."

"Rudi kliniki, Baba Rispa."

"Nitarudi mvua ikipungua."

Mvua ilipungua. Watu wakapalilia, wakavuna, wakapanda tena, wakavuna tena. Sikurudi.

Kuna jambo lingine la majira yale ambalo lazima nilieleze, kwa sababu lilikuja kukutana na macho yangu. Katika siku zile za vurugu, karatasi zilikuwa zinatembea mjini. Moja ilibandikwa kwenye geti la chuo, imepigwa chapa vizuri, ikisema wafanyakazi wote wafike kazini Jumatatu asubuhi. Chini haikuwa na jina. Habari ikasambaa kwa simu, na wengine wakaenda. Walikuta geti limefungwa na barabara imewekwa mawe. Mtunza stoo wetu alivunjwa mkono pale, na mkono ule haukunyooka tena. Hadi leo hatujui nani aliandika karatasi ile.

Chuo kilipofunguliwa nilipewa masjala niisimamie, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuweka sheria. Notisi isiyo na sahihi na muhuri wa chuo si notisi. Kompyuta zilipokuja, halafu kikundi cha wafanyakazi cha kutumiana ujumbe kwa simu, sheria ikaja nazo. Notisi inapigwa chapa, inatolewa kwa karatasi, inawekwa sahihi, inagongwa muhuri, kisha inapitishwa kwenye skana na kutumwa kwa watu kama picha, ili asiwepo mtu wa kubadilisha hata herufi. Kila karani mpya nilimfundisha hivyo. "Maneno matupu yeyote anaandika," nilikuwa nawaambia. "Muhuri uko kwa droo yangu."

Ilikuwa sheria nzuri kwa siku zile. Hata leo, siku zile zikirudi, ningeiweka.

Msaidizi wangu masjala alikuwa Kiprono, mwenyeji wa huku, mtu wa Cheptiret, kijana wa miaka thelathini na kitu wakati huo, kazi yake safi. Kabla ya vurugu tulikuwa tukila chakula cha mchana pamoja. Baada ya kurudi tulikuwa tunapimana, kama watu wote Eldoret walivyokuwa wanapimana, kila mmoja akiangalia mwenzake anasalimia nani na anampita nani. Lakini tulikuwa tunasemezana. Halafu asubuhi moja Kiprono akaacha kunisalimia. Alileta barua, akaziweka mezani, akaondoka. Kesho yake hivyohivyo. Nikasema moyoni, kumbe na huyu naye anao moyo ule wa ukabila. Nami nikaacha kumsalimia. Tulikaa hivyo katika ofisi moja, watu wazima wawili, miaka.

Katika miaka hiyo mwili wangu ulikuwa unaniambia na mimi sisikii. Bega la kushoto lilikuwa na alama za miimo ya milango. Nilikuwa namimina chai kando ya kikombe na kumlaumu aliyesogeza kikombe. Nilijikwaa kwenye kigoda cha Robai na kumgombeza Robai. Nilikuwa mwepesi wa hasira, siwezi kutulia mahali, natoka chumba hiki naingia kile, na sikujua ni kwa nini dunia imejaa vitu vinavyonirukia kutoka kando.

Robai ndiye aliyenishika. Tulikuwa jikoni baada ya kanisa.

"Mbona siku hizi unanigeuzia kichwa chote kama kuku?" akasema. "Funga jicho la kulia."

Nikafunga.

"Nimeshika nini?"

Niliona kijivu. Nilisikia harufu ya mboga. "Sufuria," nikasema.

Robai akasema kwa sauti ya chini, "Baba Rispa, sijashika kitu. Hii hapa mikono yangu, iko mbele ya uso wako."

Kliniki walisema jicho la kushoto limekwenda na halirudi. La kulia lilikuwa limebaki na kitundu cha katikati, kama mtu anayeangalia kwa bomba, na wakasema wapasue haraka ili presha ishuke na kitundu kisizibe. Kama uko hapo sasa hivi, upasuaji wenyewe usikutishe. Ni kule kungoja. Siku ya kungoja nilisimama na kukaa, nikasimama na kukaa, hadi muuguzi mmoja mnene mwenye sauti nzuri akanijia.

"Mzee, wewe hukai?"

"Sikai."

"Basi njoo usimame hapa mlangoni unisaidie kuita. Mimi nakwambia jina, wewe unapiga kelele. Koo yangu imeisha."

Nikaita wagonjwa asubuhi yote. Nilikosea jina la mzee mmoja wa Chepsaita akaniuliza kama nimelipwa kumtukana. Watu wakacheka, yeye mwenyewe akacheka. Hiyo ndiyo asubuhi nzuri niliyoipata hospitalini. Muuguzi yuleyule, niliporuhusiwa, aliona nina vichupa viwili vinavyofanana, akavua mpira aliofungia nywele zake na kukizungushia kimoja. "Chenye mpira ni cha asubuhi," akasema. Hakuna aliyemtuma.

Niliuguza jicho wakati wa mvua ndefu, wakati majirani wanapanda. Nilikatazwa kuinama. Usidharau katazo hilo. Utagundua kwamba maisha yote ni kuinama. Robai alinifunga kamba za viatu. Aliniosha kichwa nikiwa nimeegemea nyuma kama mtoto. Kanisani wengine walipiga magoti, mimi nilisimama wima kama mlingoti, nikiwa na kifuniko cha plastiki usoni, na watoto wakiniangalia badala ya kusali.

Nilistaafu nikiwa na kitundu changu kile. Mbali niliona kidogo, lakini herufi zilikuwa zinayeyuka. Basi Robai akawa ndiye macho. Alinisomea ujumbe wa simu, maandishi ya dawa, zaburi, gazeti, bei ya mahindi. Nami nilikuwa msikilizaji mbaya. Namkatiza. Namwambia rudia. Namwambia soma polepole, umeruka mstari.

"Mimi si redio yako," alisema siku moja, akaweka gazeti chini. "Hata redio huzimwa ikapumzika, na mimi pia nachoka."

Huko Vihiga mama yake alikuwa ameanguka akaumia nyonga, halali ila kwa kugeuzwa. Dada zake Robai walipeana zamu. Robai alikuwa anatoka alfajiri, anamwosha mama yake, anarudi jioni ileile kunitilia dawa na kunisomea simu. Ni safari ndefu kwa mtu wa umri wake. Alikuwa anashuka akiwa amevimba miguu, na neno la kwanza ninalomwambia ni, "Kuna ujumbe umeingia tangu saa nne, uangalie." Hilo nalo naliweka hapa mahali pake, kati ya makosa yangu.

Rispa ndiye aliyeniletea simu inayoongea. Unaipapasa kioo kwa kidole, nayo inakusomea kilichoandikwa. Sauti yake ni ya mwanamke asiye na kabila, anasoma "bei ya mbolea" na "poleni na msiba" kwa furaha sawasawa. Ilinichukua msimu mzima kuizoea. Niliwapigia watu nisiowajua. Nilimtumia mchungaji picha ya dole gumba langu. Lakini nilijifunza, na Robai akaanza kuiita mke mwenza. "Mke mwenzangu ameamka?" anauliza asubuhi. "Basi akusomee, mimi naenda kukamua ng'ombe wetu."

Ilisoma kila kitu isipokuwa kitu kimoja. Sisi wastaafu tulikuwa bado tunatibiwa katika zahanati ya chuo, na daktari wa macho alikuwa akija hapo kwa zamu, siku zikitangazwa kwenye kile kikundi cha simu. Notisi ya kwanza ilipoingia niligusa kioo. Simu ikasema, "Picha." Nikagusa tena. "Picha." Nikagusa juu, chini, pembeni. "Picha." Sikuhitaji kuambiwa kilichomo. Najua jinsi muhuri ule ulivyo, wino wake wa zambarau, na mahali unapogongwa, kushoto kwa sahihi kidogo. Mimi ndiye niliyesema ugongwe hapo.

Robai akanisomea, na nikaliacha hapo.

Kisha mama yake akazidiwa. Nikamwambia Robai aende, akae wiki nzima, mimi nina mke wa pili wa kunitunza. Alicheka, akaenda. Katika wiki ile iliingia notisi moja. "Picha." Ningeweza kwenda kwa jirani kumwomba aisome. Sikwenda. Nilikuwa nimejisifu sana kwa watu kuhusu simu yangu. Nikajiambia ni habari za michezo ya wafanyakazi, au mchango wa harusi ya mtu. Ilikuwa inasema daktari wa macho anakwenda likizo, atakuja wiki hiyo badala ya inayofuata, wenye dawa inayokaribia kuisha wafike.

Nilifika wiki iliyofuata, siku niliyoizoea. Mlango wa macho ulikuwa umefungwa. Dawa ikaisha. Nikasema ni siku chache, nilishakaa muda mrefu zaidi bila dawa. Lakini jicho hili halikuwa lile la zamani. Lilianza na duara za rangi kuzunguka balbu, kisha maumivu, kama mtu ameingia ndani ya kichwa na anasukuma jicho nje kwa dole gumba. Nilitapika kwenye ndoo ya maziwa. Jirani alinipeleka hospitali akiwa amenishika kama gunia.

Walishusha presha. Lakini sehemu ya kitundu ilikuwa imezibwa. Kabla ya hapo nilikuwa nikimwangalia Robai nauona uso mzima. Sasa naona macho yake au mdomo wake, lazima nichague.

Alikuja wodini moja kwa moja kutoka Vihiga. Nilichagua macho. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

"Sitaondoka tena," akasema.

"Na mama?"

"Dada zangu wapo."

Siku zilizofuata mama yake alikuwa anapiga simu, sauti nyembamba, anauliza Robai anakuja lini, na Robai anatoka nje ya nyumba kumjibu ili nisisikie. Nilisikia. Maumivu ya jicho yalikuwa yameisha, lakini jambo hili halikunipa nafasi ya kukaa. Nilizunguka boma hadi ng'ombe akanizoea. Mama mmoja alikuwa anakufa Vihiga bila binti yake kwa sababu notisi iliyopigwa muhuri haiwezi kusomwa na mtu kama mimi.

Nikaenda chuoni. Mkuu wa chuo alikuwa mama mgeni kwangu. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kiti alichonipa nikikishikilia tu. Alisema amepokea wanafunzi wasioona muhula huo, nao wanalalamika jambo hilohilo, na kuna mwalimu anakuja kuwafundisha wafanyakazi namna ya kuandaa notisi, masomo na kurasa za mtandao ili kila mtu aweze kuzisoma kwa simu au kompyuta yake. "Njoo ukae nao, Mzee Agesa," akasema. "Naona hukai, lakini njoo."

Mwalimu mwenyewe, Chemutai, alikuwa haoni kabisa. Mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Chepsaita, mwenye maneno makali. Tulikuwa kwenye chumba cha kompyuta, makarani, wahadhiri, watu wa uhasibu. Mkuu wa masjala, aliyekuwa amekaa mbele, alikuwa Kiprono. Nilimjua kwa kikohozi.

Chemutai alifungua kikundi cha chuo kwenye kompyuta yake, na sauti ikasema mbele ya watu wote, "Picha. Picha. Picha. Picha."

"Hii ndiyo habari ya chuo chenu mwaka mzima," akasema. "Picha. Mimi kama mwanafunzi wenu nimefukuzwa shule au nimepata zawadi? Niambieni."

Watu wakacheka, wengine kwa aibu. Akawaonyesha kwamba notisi ikiandikwa kwa maneno, kichwa kikawekwa kama kichwa na jedwali likapangwa kama jedwali, mashine husoma. Picha ikihitajika, iandikiwe maelezo. Akawapa picha ya mahafali kila mtu aieleze. Mhadhiri mmoja wa umeme akaandika neno moja, "Watu."

"Watu," Chemutai akarudia. "Wamefanya nini hawa watu? Wamesimama tu kama ng'ombe wanangoja kuogeshwa?"

"Mwalimu, wamevaa joho."

"Basi si uniambie wamevaa joho! Na wanafurahi ama wanadaiwa karo?"

Kiprono hakucheka. Akainua mkono, kisha akakumbuka mwalimu haoni, akasema, "Mwalimu, hii yote ni sawa, lakini muhuri hautoki. Notisi bila muhuri ni uvumi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nilikuwa kwa geti hiyo Jumatatu. Wengi wenu hapa mlikuwa shule ya msingi. Tulienda kwa sababu ya karatasi imepigwa chapa vizuri kabisa. Mtunza stoo nilimbeba mimi, mkono wake ukining'inia hivi. Sheria hii haikutoka kwa vitabu." Kisha nikasikia kiti chake kikigeuka. "Na mwenye kuitunga ni huyu Mzee. Mwulizeni."

Nilikuwa nimeshasimama, nikasogea mbele. Nikawaambia ni kweli, mimi ndiye, na nikawaeleza karatasi ya getini, kwa sababu wadogo hawakuijua. Kisha nikawaeleza ile notisi ya daktari, ndoo ya maziwa, na mke wangu aliyekataa kwenda kumtazama mama yake. Nilisema, "Sheria ile niliiweka watu wasiumizwe. Sasa inaumiza watu. Mimi nilijua hilo tangu siku ya kwanza simu iliposema picha, na nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeitunga mimi. Kiprono ameishika kama nilivyomfundisha. Hana kosa."

Mama mmoja wa uhasibu, ambaye wakati wote huo alikuwa anabonyeza simu yake, akasema, "Hebu angalieni kikundi."

Simu zote zikalia. Wakaanza kuguna, halafu kucheka. Alikuwa amechukua muhuri kutoka notisi ya zamani, akaubandika kwenye notisi mpya, sahihi na kila kitu. Kiprono alisoma kwa sauti ya mtu aliyepigwa: "Wafanyakazi wote wanaarifiwa kwamba mkuu wa masjala ameoa mke wa pili, na chai itatolewa kantini."

"Na muhuri upo, bosi," mama yule akasema. "Wa zambarau."

Nilimsikia Kiprono akivuta pumzi. Akaniita, "Mzee, kumbe muhuri wenyewe siku hizi ni maneno matupu."

Walikubaliana hivi: notisi iandikwe kwa maneno, itumwe na namba ya masjala peke yake, namba ambayo kila mtu anaijua, na iwekwe pia kwenye ukurasa wa chuo ambapo mwenye shaka anaweza kuhakikisha. Anayetaka kuona muhuri, picha itafuata chini, na maelezo yake. Kiprono ndiye aliyeandika uamuzi ule, na Chemutai akamrudisha mara mbili kwa sababu alikuwa amefanya vichwa vyake kwa kukoleza wino tu badala ya kuviweka kama vichwa. Alilalamika kama mwanafunzi.

Wakati wa chai Kiprono alikuja akasimama karibu nami, upande wa kulia.

"Mzee, upande ule mwingine uliacha kuona lini?"

"Tangu baada ya fujo, nafikiri. Sikujua."

"Kuna asubuhi kwa korido. Nilikupatia mkono. Nilikuwa nimefikiria usiku mzima, nikasema, huyu mtu nimpatie mkono. Ukanipita hivi na faili yako kama mimi ni ukuta."

"Ulikuwa upande gani?"

"Kushoto."

Akachukua kikombe changu akakiweka mezani. Kisha akanishika mkono, akautikisa, akaendelea kuutikisa. "Kwa hivyo tulinyamaziana miaka yote hiyo juu ya jicho," akasema. "Na mimi nilikuwa nimemwambia hata mama yangu Cheptiret kwamba wewe ni mtu mbaya."

"Sasa utamwambiaje?"

"Ameshakufa, Mzee."

Sikulala vizuri kwa ajili ya neno lile, na bado hunirudia.

Robai hakuamini mambo ya mafunzo. Alisema ofisi ni ofisi, watasahau. Ilibidi nimsindikize hadi stendi mwenyewe, na begi lake nimelibeba mimi, nikimwambia aende siku chache tu, arudi Jumamosi, na asiponipata mzima anigombeze. Alikwenda akiwa anageuka nyuma. Najua alikuwa anageuka kwa sababu sauti yake ilikuwa inakuja na kupotea: "Dawa! Chakula kiko kwa hotpoti! Dawa!"

Siku mbili za kwanza nilikuwa naibeba simu kama yai. Adhuhuri ya siku ya pili ikalia. Nikakaa chini, kitu ambacho sikifanyi, nikagusa kioo.

"Notisi kwa wafanyakazi na wastaafu," ikasema. "Kliniki ya macho. Kichwa. Daktari wa macho atafika zahanati Alhamisi asubuhi badala ya Ijumaa. Wagonjwa waje na dawa wanazotumia. Imetolewa na masjala." Kisha kidogo chini, "Picha. Maelezo: muhuri wa chuo wa rangi ya zambarau, na sahihi ya mkuu wa masjala, imekaa upande upande kwa sababu kalamu ilikuwa inakataa."

Nikairudia. Nikairudia tena. Halafu nikampigia Robai.

"Kliniki ni Alhamisi," nikamwambia. "Wameisogeza."

"Nani alikusomea?"

"Nimesoma."

"Jirani?"

"Nimesoma mwenyewe, Mama Rispa."

Nyuma yake nilimsikia mama yake akiuliza jambo kwa Kimaragoli, na maji yakimiminwa kwenye beseni. Robai akamjibu, kisha akarudi kwenye simu.

"Basi Jumamosi sitarudi," akasema. "Nitakaa na mama mpaka mwisho."

Nilikuwa nimezunguka boma, nimekwenda chuoni, nimesimama mbele za watu, yote kwa ajili ya maneno hayo. Yalipofika yalinikuta sijajiandaa. Nyumba ilikuwa kubwa ghafla. Nilitaka kumwambia njoo, dawa imeniingia vibaya, nimejikwaa, lolote.

"Kaa," nikamwambia.

"Una uhakika?"

"Kaa, Mama Rispa. Kaa naye."

Alikata simu kwa sababu mama yake alikuwa anamwita. Nikatia dawa, nikavaa viatu, nikainama kufunga kamba mwenyewe, nikatoka kwenda kuitafuta njia ya zahanati kwa miguu, kwa kitundu kilichobaki, ili Alhamisi niwe ninaijua.